Domeni ya kampuni ya vifaranga Nakuru: nani alikuwa mwenyewe?

Kisa hiki kilitokea Nakuru kati ya Machi na Julai 2025. Wahusika wameniruhusu nikieleze mradi nisitaje majina yao, jina la domeni (anwani ya kampuni kwenye intaneti), wala kampuni walizozitumia. Nimeona kinafaa kuandikwa kwa sababu kila aliyekisikia mara ya kwanza alitoa hukumu ileile: fundi wa tovuti amemla mama wa watu. Mimi niliitwa kusaidia wakati mambo yameshaharibika, nikapitia risiti, meseji na baruapepe zote zilizokuwepo. Sikuona wizi. Nilichokiona ni mambo kadhaa yaliyofanywa kwa nia njema, kila moja likifunga mlango ambao lingine lilitegemea uwe wazi.

Biashara yenyewe ni ya kutotoa vifaranga, nje kidogo ya mji upande wa barabara ya Njoro. Wanauza vifaranga wa siku moja, wengi wao kienyeji walioboreshwa. Wateja wa karibu hupiga simu au huandika WhatsApp. Wateja wakubwa, yaani shule zenye miradi ya kuku, vikundi vya akina mama kule Molo na Olenguruone, na maduka ya pembejeo ya Kericho na Bomet, huagiza kwa baruapepe kwa sababu wahasibu wao wanadai ankara yenye anwani ya kampuni. Anwani hiyo ilikuwa info@ ikifuatiwa na jina la kampuni, na mwisho .com.

Yai la kuku huatamiwa siku 21, kwa hiyo anayetaka vifaranga 300 huagiza wiki tatu mapema, hulipa nusu, na jina lake huandikwa. Siku ikifika vifaranga hutoka, mteja awepo asiwepo. Kifaranga aliyeanguliwa anaweza kukaa siku mbili tatu bila kula, akitumia kiini kilichobaki tumboni, na ndiyo maana husafirishwa kwa matatu kwenye boksi lenye matundu. Zikipita siku hizo anahitaji chakula, joto na chanjo, na zote hizo ni pesa. Hasara ya kisa hiki ilianzia hapo, kabla hata hatujafika kwenye kompyuta.

Jinsi domeni ilivyoandikishwa

Mwaka 2020 mama mwenye biashara alimpa kazi kijana mmoja wa mtaani, mhitimu wa chuo, amtengenezee tovuti. Kijana alifanya kazi safi. Alinunua vitu viwili sehemu mbili tofauti. Nafasi ya kwenye seva, ambamo kurasa za tovuti na masanduku ya baruapepe hukaa, aliichukua kwa kampuni ya hapa Kenya, kwa jina la mama, na mama mwenyewe akawa analipa kila mwaka kwa M-Pesa. Domeni aliinunua kwa msajili wa Marekani, yaani kampuni inayoandikisha majina ya domeni, kwa kadi yake ya benki, kwa sababu ilikuwa na punguzo na .com ilionekana ya kimataifa.

Mama hakujua kwamba ni vitu viwili. Kwake yote yalikuwa "website", na kwa kuwa risiti ya seva ilikuja kila mwaka ikiwa na jina lake, aliamini amelipia kila kitu. Ninawaona wafanyabiashara wengi wakiwa na imani hiyo hiyo, na si wajinga. Hakuna aliyewaeleza kwamba seva ni chumba na domeni ni kibao cha barabarani kinachowaelekeza watu chumbani. Ukilipa kodi ya chumba miaka kumi huku kibao kimeng'olewa, hakuna atakayefika.

Msajili alipouliza mmiliki ni nani, kijana alijaza jina lake. Tena si jina la kitambulisho: aliandika lile la Facebook, jina la kwanza na la utani. Penye nafasi ya shirika akaacha wazi. Nilimuuliza baadaye kwa nini, akasema fomu ilitaka jina na yeye ndiye aliyekuwa anajaza. Sioni ujanja katika jibu hilo. Lakini kwa mujibu wa kanuni za ICANN, shirika linalosimamia mfumo wa majina ya intaneti tangu 1998, mwenye domeni ni yule aliyeandikwa kuwa mmiliki kwenye kumbukumbu za msajili. Aliyetoa pesa hatambuliki kwa kutoa pesa. Cheti cha jina la biashara kutoka BRS, idara ya serikali inayosajili biashara, nacho hakimfanyi mtu kuwa mmiliki wa domeni. Kwa miaka mitano, kampuni hiyo ilikuwa ikitumia jina ambalo kwenye karatasi lilikuwa la kijana.

Mwaka 2023 kijana akapata kazi Doha. Hapa ndipo alipofanya jambo lililonishangaza kwa uadilifu wake. Kabla ya kuondoka aliingia kwenye akaunti ya msajili na kubadilisha anwani ya mawasiliano: akaondoa baruapepe yake binafsi, akaweka info@ ya kampuni, ili taarifa za domeni zimfikie mama moja kwa moja. Akaacha mfumo wa kujilipia wenyewe ukiwa umewashwa kwenye kadi yake. Mama akamtumia shilingi 4,000 za miaka miwili, 2024 na 2025. Ujumbe wa M-Pesa bado upo.

Malipo ya 2024 yalikatwa bila tatizo. Kadi ikaisha muda wake mwishoni mwa mwaka huo, na kijana aliyekuwa sasa anatumia benki ya Qatar hakukumbuka kwamba kuna kitu kinategemea kadi ile.

Onyo zilizofutwa

Swali la kwanza nililouliza lilikuwa hili: msajili hakuwaonya? Kanuni za ICANN zinamtaka msajili amkumbushe mwenye domeni takriban mwezi mmoja kabla ya muda kwisha, tena takriban wiki moja kabla, na kama haikulipiwa amwandikie tena ndani ya siku tano baada ya kwisha. Aliwaonya. Onyo zote mbili za kabla zilifika info@ kama kijana alivyopanga, na zote zikafutwa bila kusomwa.

Ilikuwa hivi. Mwaka uliotangulia ilikuja barua ya Kiingereza yenye nembo na herufi nyekundu, ikisema domeni ya kampuni inakaribia kwisha na zinatakiwa dola 289. Mama akakaribia kulipa. Kilichomwokoa ni kadi kukataa. Barua ile ilikuwa ya matapeli. Ukiisoma kwa makini, chini kabisa kwa maandishi madogo ilisema inauza "huduma ya kuandikishwa kwenye injini za utafutaji", huduma isiyo na maana yoyote. Miezi michache baadaye ikaja nyingine ikidai kutoka China: kuna kampuni inataka kuandikisha jina lenu huko kwa .cn na .asia, je, mmeiruhusu? Ukijibu, unaambiwa ulipie majina hayo haraka kabla hawajayachukua. Huo nao ni utapeli wa siku nyingi unaozunguka dunia nzima.

Baada ya kunusurika mara mbili, mama alimpa msichana wa ofisini amri ya wazi: baruapepe yoyote inayotaja domeni, futa. Msichana akatii. Mwezi wa pili 2025 akafuta ya msajili wa kweli, na wiki moja kabla ya siku yenyewe akafuta ya pili.

Siwezi kumlaumu. Barua halisi za wasajili na barua za matapeli zinafanana kwa lugha, kwa rangi, hata kwa haraka yake. Njia ya kuzitenganisha ni kujua jambo moja kabla barua haijaja: msajili wako ni nani, na tarehe ya mwisho ni ipi. Ukijua hayo huhitaji kubonyeza kiungo chochote; unafungua tovuti ya msajili wako mwenyewe na kutazama. Katika ofisi ile hakuna aliyejua jina la msajili. Lilijulikana Doha tu.

Machi

Domeni iliisha Jumapili tarehe 2 Machi. Kwa siku chache hakuna aliyeona tofauti, kwani msajili huwa hazimi kila kitu papo hapo. Kufikia Alhamisi tovuti ilikuwa ukurasa wa matangazo, na info@ ikawa kimya. Kimya cha baruapepe ni kibaya kuliko tovuti kuzimika, maana tovuti ikizimika mtu atakupigia akuambie, ila sanduku lisilopokea barua huonekana kama siku isiyo na wateja.

Mayai ya mzunguko ule yalikuwa yameingia mashineni Jumatatu ya tarehe 24 Februari. Kwa hiyo vifaranga walitoka tarehe 17 Machi, zaidi ya elfu moja. Walioagiza kwa simu walikuja wakachukua wao. Walioagiza kwa baruapepe walikuwa wameandika wiki ile ya kimya wakiuliza wapeleke gari siku gani, wengine wakituma stakabadhi za malipo ya pili. Hawakujibiwa. Shule moja ikadhani kampuni imefungwa. Kikundi cha Olenguruone kikaanza kuzungumza na chifu kuhusu malipo yao ya kwanza. Na orodha yenyewe, nani ameagiza wangapi na namba yake ya simu, ilikuwa ndani ya sanduku la info@ ambalo ofisi haikuweza kulifungua tena, kwa sababu anwani waliyozoea kuingilia ilikuwa sehemu ya domeni ileile.

Vifaranga wasio na mwenyewe walilishwa siku nne kisha wakauzwa kwa wachuuzi kwa bei ya hasara.

Nilipofika, kitu cha kwanza kilikuwa sanduku hilo, wala halikuwa gumu. Seva ilikuwa ya kampuni ya Kenya, imelipiwa, na iko hai. Barua zote za zamani zilikuwemo. Unaingia kwa anwani ya seva yenyewe, ile iliyo kwenye barua ya kukaribishwa ambayo kampuni ya seva hutuma siku ya kwanza. Dakika chache baadaye msichana alikuwa akiwapigia wateja simu mmoja mmoja. Laiti angekuwepo mtu wa kuwaambia hivyo tarehe 10, hasara ya vifaranga ingekuwa ndogo sana.

Hatua ya pili ilikuwa kutazama hali ya domeni. Kwa majina kama .com mtu yeyote anaweza kuangalia kwenye ukurasa wa ICANN, lookup.icann.org, unaotumia mfumo mpya wa RDAP. Ule wa zamani wa WHOIS wasajili hawalazimiki tena kuutoa tangu tarehe 28 Januari 2025. Jina la mmiliki lilikuwa limefichwa, kama ilivyo kawaida siku hizi, lakini jina la msajili lilikuwepo, tarehe zilikuwepo, na mstari wa hali ulikuwepo. Mstari huo ndio wa kusoma, kwa kuwa hukuambia umebakiwa na muda gani.

Domeni ya .com ikiisha muda haiachiliwi hapohapo. Kwanza kuna siku za nyongeza, ambazo msajili anaweza kuziachia hadi 45, na wengi huruhusu takriban mwezi mmoja. Katika siku hizo aliyeandikwa hulipa ada ya kawaida na jina linarudi. Zikipita, jina linafutwa kwenye orodha ya msajili na kuingia kipindi cha ukombozi cha siku 30, na kwenye ule mstari utasoma redemptionPeriod. Hapo bado ni lako, lakini unalikomboa kwa ada nzito. Baada yake kuna siku tano za pendingDelete ambazo hakuna anayeweza kufanya lolote, kisha jina linakuwa huru kwa yeyote duniani, na wapo wenye programu zinazonyakua majina sekunde ileile.

Binamu wa mama, aliyekuwa na maarifa kidogo ya kompyuta, alikuwa na shauri lake: tungoje jina liwe huru tulinunue kwa dola 12, na kwa sasa tutumie jina jipya lenye kistari katikati. Nilipinga kwa nguvu, na bado ningepinga. Anayechukua jina la zamani anachukua pia barua zake. Siku moja baada ya kulipata anaweza kufungua info@ mpya na kusubiri. Shule itamtumia oda yeye, naye atajibu kwa heshima zote na kutoa namba ya kulipia. Zaidi ya hapo, ukurasa wa Facebook wa kampuni ulikuwa umeandikishwa kwa info@, na iTax, mfumo wa kodi wa KRA, pia. Mwenye sanduku hilo anaweza kubonyeza "nimesahau nywila" na kupokea kiungo. Jioni hiyo tulibadilisha anwani katika kila akaunti tuliyoikumbuka, tukianza na KRA.

Kumpata kijana, na mlango uliojifungia

Namba ya kijana ya Kenya ilikuwa imezimwa. Mama akaenda kwao Bahati, akazungumza na shangazi yake, akapewa namba ya Qatar. Ujumbe wa kwanza wa sauti aliotuma mama siuandiki hapa. Jibu lilikuja usiku: "Mama, mimi sijakuibia kitu. Hiyo jina iko, ni vile siwezi ingia." Kufikia wakati huo mstari ulikuwa umeshageuka. Tulikuwa ndani ya ukombozi.

Kwa nini hakuweza kuingia? Nywila ilikuwa kwenye simu iliyoibwa. Ukibonyeza kurejeshewa nywila, msajili hutuma kiungo kwa anwani ya akaunti, na anwani hiyo ni info@ ya domeni iliyokufa. Ili baruapepe ifanye kazi ni lazima domeni ilipiwe. Ili domeni ilipiwe ni lazima mtu aingie. Ili aingie ni lazima baruapepe ifanye kazi. Njia ya pili ilikuwa namba ya siri kwa SMS, inayokwenda kwenye laini ya Kenya iliyozimwa. Lile tendo la uadilifu la 2023 ndilo lililofunga mlango. Angeacha anwani yake ya Gmail, angekuwa ameingia akiwa kitandani Doha kabla Machi haijaisha.

Ikabaki kuwaandikia wahudumu wa msajili na kuthibitisha kwa hati kwamba yeye ndiye. Akatuma pasipoti. Wakakataa kwa adabu: majina matatu ya pasipoti hayalingani na mawili yaliyo kwenye akaunti, moja likiwa la utani. Walitaka ushahidi mwingine, namba za ankara za malipo ya nyuma na tarakimu nne za mwisho za kadi iliyotumika. Kijana hakuwa na lolote.

Namba hizo zilikuwa Nakuru. Kwa kuwa mwaka 2023 alihamishia anwani kwa info@, ankara ya malipo ya 2024 ilikuja ofisini, na msichana aliifuta pia. Ila kufuta kwenye sanduku lile ni kupeleka kwenye kapu la takataka, na kapu halikuwahi kumwagwa. Ankara ilikuwemo, na tarakimu nne za kadi zimeandikwa juu yake. Tuliipiga picha, ikaenda Doha, ikaenda Marekani. Ndani ya siku tatu msajili akakubali na kubadilisha anwani ya akaunti kuwa ya Gmail.

Ukombozi uligharimu dola 80 juu ya ada ya mwaka, zaidi ya shilingi 10,000 kwa kitu ambacho mwezi mmoja kabla kingelipiwa kwa chini ya 2,500. Nilimwambia mama kwamba wakubwa pia huteleza: Krismasi ya 1999 Microsoft ilisahau kulipia passport.com, watumiaji wa Hotmail wakakwama, mpaka programa mmoja wa Marekani, Michael Chaney, akailipia dola 35 kwa kadi yake mwenyewe. Hakucheka. Alisema Microsoft hawana vifaranga.

Sheria ingesaidia?

Siku za mwanzo, kabla kijana hajapatikana, mama alishauriwa aende mahakamani. Ushauri huo unatolewa haraka mno, kwa hiyo nitaupima.

Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, na sheria yake ya 2016 inalenga kesi imalizike ndani ya siku 60. Kudai hasara kwa fundi kunawezekana hapo. Kurudisha domeni ni jambo jingine. Msajili yuko Marekani, kipindi cha ukombozi ni siku 30, na hata amri ikitoka, nani ataipeleka na lini?

Kuna utaratibu wa ICANN wa kusuluhisha migogoro ya majina, UDRP, uliopitishwa 1999. Ada ya chini kabisa ya kufungua shauri kwa WIPO, shirika la kimataifa la miliki bunifu, ni dola 1,500. Nao una masharti matatu yanayopaswa kuthibitishwa yote: jina lifanane na alama yako ya biashara, mwenzako asiwe na haki nalo, na awe ameliandikisha na kulitumia kwa nia mbaya. Mama hakuwa na alama iliyosajiliwa KIPI, taasisi ya Kenya inayosajili alama za biashara, na hakuna nia mbaya kwa mtu uliyemtuma mwenyewe akuandikishie. Shauri lingekufa katika sharti la tatu.

Wengine walitaja Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya 2018. Kifungu cha 28 kweli kinamwadhibu anayetumia jina au domeni ya mwenzake bila idhini, faini isiyozidi shilingi 200,000 au kifungo kisichozidi miaka miwili, au vyote viwili. Lakini kijana alikuwa na idhini. Ndiyo iliyomfanya alipwe. Kumfungulia kesi ya jinai mtu pekee mwenye uwezo wa kuthibitisha umiliki kungekuwa kujikata mkono, na ninashukuru namba ya Qatar ilipatikana kabla ya OB (ripoti) ya polisi.

Mgawanyo wa hasara

Jina liliporudi, maneno yakaanza upya. Mama alitaka kijana alipe vifaranga wote. Kijana alisema yeye ni fundi tu, kazi yake iliisha 2020.

Maoni yangu, niliyowaeleza wote wawili, ni kwamba kijana hakuwa "fundi tu". Alipokea shilingi 2,000 za mwaka 2025 mahsusi kwa kulipia domeni, na haikulipiwa. Ada ya ukombozi ni yake. Kuandika jina la utani kwenye hati ya mali ya mtu mwingine ni uzembe wake pia. Vifaranga ni hadithi tofauti. Orodha ya wateja ilikuwepo muda wote, seva ilikuwa hai, na ofisi ilikaa zaidi ya wiki na sanduku bubu bila kumpigia mteja wala kampuni ya seva simu. Onyo zilifika na zikafutwa kwa amri ya mwenye kampuni. Hiyo hasara siwezi kuitua begani mwa mtu aliye Doha. Walibishana, kisha wakakubaliana hivyo. Kijana alituma pesa za ukombozi, na kikundi cha Olenguruone kikapewa vifaranga wa mzunguko uliofuata kwa bei ya awali.

Kubadilisha mmiliki kulifanyika Mei: kijana akaidhinisha, mama akaidhinisha, na sasa kwenye nafasi ya shirika kuna jina la kampuni kama lilivyo kwenye cheti. Mabadiliko hayo yaliifunga domeni isihamishwe kwa msajili mwingine siku 60, kanuni ya kuzuia wezi wasikimbie na jina. Mama alidhani amechezewa tena, ikabidi nimwonyeshe kanuni yenyewe. Julai ikahamishiwa kwa wakala wa hapa nchini anayepokea M-Pesa na ambaye ofisi yake inapigika simu. Uhamisho wa .com huongeza mwaka mmoja juu ya uliopo, hivyo ikafika Machi 2027, na mama akaongeza mingine mitatu. Kikomo ni kumi. Anwani ya akaunti ni Gmail ya mama na ya pili ni ya binti yake. Haiko tena ndani ya domeni yenyewe. Barua zinazotaja domeni hazifutwi. Zinawekwa folda moja, na mama huzilinganisha na tarehe iliyoandikwa kwa kalamu ukutani karibu na ratiba ya mashine ya mayai.

Jambo moja halikutatuliwa. Tulipokuwa kwa wakala tulitaka kuchukua na .co.ke, ambayo huandikishwa kupitia mawakala wa KENIC, shirika linalosimamia majina ya .ke, tukakuta ina mwenyewe: mfugaji wa Kitale aliyeichukua miaka mitatu iliyopita. Binamu alikimbilia tena kifungu cha 28. Lakini jina la kampuni ni jina la mlima pamoja na neno la Kiingereza la kuku, na mlima si wa mtu. Mfugaji yule anauza mayai, kwa jina hilo, kwenye tovuti halisi. Mama alimpigia, wakazungumza vizuri. Haiuzi. Wateja wa Nakuru wakikosea anwani hufika kwake, naye huwapa namba ya mama. Wake wakikosea hufika Njoro.